Kidole Gumba Kwenye Betri ya Bibi

Kama Jumamosi iliyopita hukunisoma, usihangaike kulitafuta gazeti. Saa hizi limeshamfungia mtu vitunguu. Nitakusogeza kwa kifupi, maana leo nina mzigo na sitaki kuubeba peke yangu.

Mimi ni fundi wa mashine za kamari. Ndiyo, mwanamke, na kama unataka kucheka cheka haraka tuendelee. Kazi nimeirithi kwa marehemu baba, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomuua: umeme ulimnasa akiwa amepiga magoti mbele ya mashine, bisibisi mkononi. Mume wangu amehamia kwa msusi wangu wa nywele. Karakana yangu imetiwa kufuli na mwenye nyumba. Nikadhani balaa zote zimeshapita kunisalimia. Kumbe kubwa lao lilikuwa bado njiani.

Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, yuko mahabusu. Alikuwa keshia kwenye ukumbi wa kamari. Mashine moja kongwe ilimpa ushindi mkubwa mteja ambaye hajaonekana tena mpaka leo. Bosi akasema keshia alifungua mlango wa mashine, akapanga picha za ushindi kwa mkono, akamzawadia rafiki yake.

Mdogo wangu aliwaapia polisi. Akaniapia na mimi, tukiwa tumetenganishwa na nondo: "Dada, huo mlango sijaugusa. Sijaufungua kabisa."

Nilimwamini. Nimembeba mgongoni yule, najua hata anavyokoroma.

Sasa hiyo mashine. Wafanyakazi wanaiita Bibi, kwa sababu ya uzee wake, na kwa sababu ukiuvuta ule mkono wa chuma ubavuni mwake, anakohoa kwanza ndipo azungushe picha. Lakini Bibi mzee hivyo hivyo ana kumbukumbu. Ndani kuna bodi inayotunza michezo ya mwisho, na kila mlango unapofunguliwa inaweka alama, kwa mpangilio wake. Ukigeuza ufunguo wa ukaguzi, anayamwaga yote kwenye kioo.

Umeme ukizimwa, kinachomfanya asisahau ni betri ndogo iliyolehemewa kwenye bodi. Tunaiita betri ya akiba. Tangu siku mdogo wangu alipokamatwa, ukumbi ulifungwa na umeme ukakatwa, kwa hiyo Bibi alikuwa anaishi kwa betri hiyo peke yake. Na betri ilikuwa ya zamani. Ikifa, Bibi anasahau kila kitu, na mdogo wangu anazama na neno lake, kwa sababu upande wa pili yupo mlinzi wa ukumbi anayesema alimwona kwa macho yake akipanga picha.

Nilibisha hodi kila mlango kuomba nibadilishe betri ile. Mwisho mpelelezi akakubali. Hapo ndipo nilipoishia.

Asubuhi hiyo nilifika ukumbini na mkoba wa baba begani. Mama alikuwa ameshatangulia, anadeki.

Usishangae. Mama ndiye mfanya usafi wa pale, tangu kabla mdogo wangu hajaajiriwa. Bosi alimfunga mwana akamwacha mama na ndoo yake hata baada ya ukumbi kufungwa, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angekubali kazi ile kwa ujira ule. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mama aliubusu kila asubuhi.

"Umekunywa chai?" aliniuliza.

"Nitakunywa tukimaliza, mama."

"Tukimaliza nini?"

"Leo ndiyo leo. Leo Bibi anasema."

Mama alikamua dekio, akalikamua tena ilhali halina maji. Nikadhani ni furaha.

Bosi aliingia na kijiti chake cha meno mdomoni. Watu wote wanamwita Kijiti, ila si mbele yake. Wiki zote alikuwa akinipiga chenga: leo hayupo, kesho ana mgeni, keshokutwa ufunguo umepotea. Asubuhi ile alinipa ufunguo mwenyewe, tena kwa bashasha.

"Karibu, fundi. Umeme nimesharudisha. Soketi iko pale nyuma ya Bibi."

Sikuipenda bashasha ile.

"Leo umekuwa mwema," nikamwambia.

"Mimi nina haraka kuliko wewe. Wakili wangu amenielimisha. Kumbukumbu ya Bibi ni yangu, si yenu."

"Yako kivipi?"

"Lakiri ya karatasi niliyobandika mlangoni niliikuta imechanika. Mlango ulifunguliwa. Bibi akifumbua macho, atasema mlango ulifunguliwa, na mdogo wako anasema haukufunguliwa. Hapo nani mwongo?"

"Karatasi inachanika hata kwa unyevu."

"Basi badilisha betri, tuone unyevu."

Mtu anayejua amesingizia hawezi kusema vile. Kijiti alikuwa anaamini. Lakini nikajiambia kuamini si kujua, nikakunja mikono ya shati.

Mpelelezi alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye macho yasiyopumzika. Alisimama nyuma yangu na daftari.

"Fundi, wewe ni dada wa mshtakiwa. Kwa haki ningeleta fundi mwingine. Tatizo ni kwamba nimetafuta anayemjua Bibi nikamkosa. Kwa hiyo nitasimama hapa. Ukikohoa, nitaandika umekohoa."

"Andika na nikipiga chafya, afande."

Hakucheka. "Mwenzangu anamleta mdogo wako ashuhudie. Wamechelewa. Tuwasubiri?"

Nilifungua mlango wa Bibi, nikaweka mita kwenye betri. Sindano iliinuka kidogo tu, ikalala. Na betri yenyewe ilikuwa imetapika, maji yake ya kijani yamelamba ukingo wa bodi.

"Tukisubiri tutazika," nikasema. "Hii haifiki mchana."

"Si uwashe tu umeme, ugeuze ufunguo, tusome?" Kijiti akadakia.

"Bibi hakubali. Akihisi betri yake ni dhaifu, anagoma. Anaonyesha alama ya hitilafu tu mpaka apewe betri nyingine. Alitengenezwa hivyo."

"Mwanamke kweli huyo," Kijiti akasema, akacheka peke yake.

Nikawageukia wote. Nilitaka wanielewe, kwa sababu katika kazi hii kuna jambo moja ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu hulikosea.

"Sikilizeni. Kazi zote za umeme, unazima kwanza ndipo unashika. Hata mtoto anajua. Kazi hii ni kinyume. Nikitoa betri ya zamani wakati umeme umezimwa, kumbukumbu yote inakwenda. Kwa hiyo Bibi atakuwa anawaka na mimi nitakuwa ndani. Nikishatoa betri, mpaka niweke nyingine, kinachomshikilia ni ile plagi ukutani. Mtu asiiguse. Asipite hata karibu nayo."

Dekio likaacha kusugua.

"Umeme unawaka," mama akasema, "na mikono yako iko ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Kama baba yako."

"Si kama baba. Baba alishika upande wa umeme mkubwa. Hapa kwenye bodi ni mdogo, haumtekenyi hata mende."

"Hata yeye aliniambia haumtekenyi mende."

Mpelelezi akamwangalia mama kwa huruma. "Mama, kama moyo hauwezi, kaa nje."

"Nitakaa hapa hapa. Ni mwanangu."

Akaenda akasimama nyuma ya Bibi, karibu na ukuta, ameegemea mpini wa dekio. Ningeona hatari kama ningekuwa natafuta hatari upande huo. Lakini nani anamwogopa mama yake?

Nikachomeka plagi. Bibi akaamka, taa zake zikawaka moja moja, akakohoa, akaonyesha alama ya hitilafu kama nilivyosema. Nikapasha moto pasi ya kulehemu. Nikapiga magoti.

Kazi yenyewe si kubwa. Betri ina miguu miwili. Unayeyusha risasi ya mguu wa kwanza, unauvuta, unayeyusha wa pili. Kisha unasafisha ile kutu ya kijani kwa kitambaa chenye spiriti, unaingiza betri mpya, unalehemu mguu mmoja, halafu wa pili. Baba alikuwa akiifanya huku anaimba. Mimi nilikuwa natokwa jasho mpaka machoni.

Betri ya zamani ilitoka. Nikaidondosha sakafuni.

"Imetoka," mpelelezi akasema, akaandika.

Nikasafisha. Nikaingiza mpya. Nikalehemu mguu wa kwanza, ukashika vizuri, unang'aa. Nikasogeza pasi kwenye mguu wa pili.

Taa zote za Bibi zikazimika.

Mlio wake mdogo, ambao hata sikujua nausikia, ukakatika.

Mkono wangu ulifanya kazi kabla ya kichwa. Nilitupa pasi, nikaubonyeza ule mguu wa pili wa betri kwa kidole gumba mpaka ukagusa bodi, nikabaki hivyo, nimegandamiza kwa nguvu zangu zote. Umeme ukikatika, bodi hubaki na mabaki ya kutosha pumzi mbili tatu tu. Mguu ukigusa, betri inafanya kazi. Ukiacha kugusa, kwisha.

"Nani amezima?" nikapiga kelele. "Nani?"

Kijiti alikuwa ameshika kichwa. Mpelelezi alikuwa ameshafika nyuma ya mashine. Na mama alikuwa amekaa sakafuni, ameukumbatia waya, plagi ameiminya kifuani kwa mikono yote miwili.

"Nimeona cheche!" alikuwa analia. "Nimeona cheche mkononi mwake! Hamtaniulia na huyu! Baba yao alikufa hivi hivi, nikiwa nimesimama hivi hivi!"

Hakukuwa na cheche. Naapa hakukuwa na cheche.

"Mama, nipe plagi," mpelelezi akasema taratibu.

"Sitoi!"

"Mnyang'anye!" Kijiti akafoka. "Hiyo familia nzima ni wezi! Mnyang'anye!"

"Wewe kalete maji," mpelelezi akamjibu bila kumtazama. "Huyu mama anazimia."

Kijiti akatoka anatukana. Mpelelezi akazunguka upande wa pili wa mashine, akainama, anajaribu kuufungua waya uliokuwa umejikunja chini ya miguu ya Bibi ili auvutie kwake. Tukabaki mimi na mama, katikati yetu kuna ubavu wa mashine tu. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu.

"Achia," akaninong'oneza.

"Mama, nisaidie. Nimeishika. Bado anakumbuka. Rudisha plagi, tafadhali."

"Achia hicho kidude, mwanangu. Alifungua."

"Nani?"

"Mdogo wako. Alifungua mlango. Nilimwona kwa macho yangu haya, nilikuwa nimeshika ndoo pale penye mlango wa stoo. Alifungua, akaingiza mikono yote miwili."

Kisha akainua sauti, akalia mpaka ukumbi ukaitika: "Uuuwi, mume wangu! Umeme umenimalizia mume wangu!"

Halafu akashusha tena, kavu, bila chozi: "Wewe alikuapia hakuugusa. Na mimi aliniapia. Mtu asiye na kosa anamwapia mama yake uongo kwa nini? Achia."

Wasomaji wangu, mmeshawahi kuambiwa jambo mkahisi damu inashuka yote miguuni? Nilihisi hivyo. Wiki nzima na wiki nyingine nilikuwa nimegonga milango ya watu, nimelia mbele ya makarani, nimepiga magoti kwa mpelelezi, ili Bibi aseme. Na sasa mama yangu ananiambia kwamba nikimruhusu Bibi aseme, atamfunga mdogo wangu. Kijiti alikuwa na haki ya kufurahi. Kidole nilichokuwa nimekibonyeza kwa mapenzi ndicho kilichokuwa kinamfungia pingu.

"Una hakika, mama?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ningesema hili kama sina hakika?"

Sikumwuliza swali jingine lolote. Mimi, fundi, binti wa fundi, ambaye hata mteja akiniambia redio imekufa namwuliza maswali mpaka anakasirika, sikumwuliza mama yangu kitu.

"Nimeupata," mpelelezi akasema upande wa pili. Waya ukaanza kujivuta.

Niliinua kidole.

Hakuna kilicholia. Hakuna kilichowaka. Kumbukumbu ikienda haiagi. Nilihesabu pumzi zangu, nikajua imekwenda, nikajisikia mwepesi. Nilifurahi. Nimeahidi kwenye safu hii kusema ukweli, basi ukweli ndio huo: nilifurahi, na mama alipoona kidole kiko hewani, aliachia plagi bila kuombwa.

Mpelelezi akaichomeka. Nikaokota pasi, nikalehemu mguu wa pili kwa utulivu ambao asubuhi nzima sikuwa nao. Bibi akaamka. Taa moja moja. Akakohoa. Alama ya hitilafu haikuwepo tena.

"Geuza ufunguo," mpelelezi akasema.

Nikageuza. Sifuri. Nikabonyeza ukurasa wa pili. Sifuri. Hakuna mchezo, hakuna mlango, hakuna kitu.

"Maana yake nini?"

"Amesahau, afande. Ni kama ametoka kiwandani leo."

Kijiti alirudi na kikombe cha maji. Aliposikia, akakinywa yeye mwenyewe mpaka mwisho, akakitupa ukutani.

"Wameniulia ushahidi! Wamepanga hawa! Mama na binti, wamepanga!"

"Mama alikuwa na hofu," mpelelezi akasema. "Mumewe alikufa kwa umeme. Hilo hata mimi nililisikia kabla." Aliandika kidogo, akainua macho. "Fundi, nilipokuwa nahangaika na waya, wewe ulikuwa umeshika nini?"

"Betri, afande."

"Ilikuwa inagusa?"

"Haikugusa vizuri."

"Haikugusa vizuri," akarudia huku anaandika, polepole kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji.

Kijiti alizunguka zunguka ukumbini. Halafu akasimama, akatoa kijiti kingine mfukoni, akakiweka mdomoni. Nikaona uso wake unatulia.

"Lakini, ngoja," akasema. "Mimi nalia nini? Mlinzi wangu bado ana mdomo. Alimwona. Nyinyi sasa mna nini?"

"Na mdogo wangu ana mdomo," nikamjibu. "Neno la mlinzi na neno lake. Tutakutana huko mbele."

Nilisema kwa kiburi. Ndiyo hesabu niliyokuwa nimeipiga pale sakafuni: bila Bibi, litabaki neno dhidi ya neno, na kwa neno dhidi ya neno mtu anaweza kuachiwa. Mwanasheria wa msaada wa kisheria alishaniambia hivyo. Mradi tu mdogo wangu ashikilie alilolisema tangu mwanzo: sijaufungua.

Mpelelezi alienda kuzungumza kwenye simu mlangoni. Kijiti akamfuata, anataka lake liandikwe. Nikamsaidia mama kuinuka, tukaingia kwenye kistoo chake cha ndoo na sabuni.

Nikamshika mabega.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mungu atatusamehe. Nilibeba hili jambo peke yangu mpaka likaniharibu usingizi. Ningekwambia, lakini uliyafurahia sana hayo mambo ya betri."

"Kwa nini hukuniambia nyumbani, mama?"

"Ningemwambiaje dada mtu kwamba mdogo wake ni mwizi? Nilisema labda fundi atashindwa. Labda betri itakufa yenyewe. Kila siku naomba betri ife."

Mimi nilikuwa naomba iishi. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, tunapiga magoti ubavu kwa ubavu, kila mmoja anaomba dua ya kuivunja ya mwenzake.

"Yameisha," nikamwambia. Nilimfuta uso kwa kitambaa kile kile chenye spiriti, akapiga chafya, na sote wawili tukacheka kicheko kibaya cha watu waliookoka.

Gari likasimama nje.

Mdogo wangu aliingia amefungwa pingu mbele, askari amemshika kiwiko. Alikuwa amekonda. Shati nililompelekea lilimning'inia. Lakini alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu walipomchukua.

"Dada! Mama! Shikamoo mama. Mmeshamaliza? Nimekosa mambo, gari lilitufia njiani."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, sauti haina nguvu.

"Mbona mmenuna? Msiwe na wasiwasi. Leo nimeshautua mzigo."

"Mzigo gani?" nikamwuliza.

Askari aliyemleta akampa mpelelezi karatasi. "Ameomba kubadilisha maelezo asubuhi hii, afande. Kwa hiari yake. Amekiri kwamba alifungua mlango wa mashine. Amesaini."

Kijiti akatoa kijiti mdomoni.

"Amekiri?" akasema. "Amekiri kufungua?"

"Ndiyo, nilifungua, bosi," mdogo wangu akasema, akimtazama usoni bila woga. "Nisamehe kwa hilo. Kengele ya ushindi ililia, Bibi akaanza kumwaga sarafu, zikamwishia katikati. Yule mteja anapiga kioo, anasema tunamdhulumu. Sheria ya kazi ni kwamba mlango unafunguliwa na watu wawili, keshia na mlinzi. Nikamwita mlinzi. Hakuwepo. Alikuwa ametoroka lindo, kama kawaida yake. Basi nikafungua peke yangu, nikajaza sarafu, nikafunga. Kumbe ndiye huyo huyo anasema aliniona!"

"Kwa nini ulikana?" mpelelezi akauliza.

"Niliogopa, afande. Nilijua kufungua peke yangu ni kufukuzwa kazi. Nikasema sikugusa. Nikishasema mara ya kwanza, ikabidi niseme ya pili. Lakini jana nilipoambiwa dada amekubaliwa kubadilisha betri, nikasema, kwa nini nadanganya wakati Bibi anajua? Bibi ataonyesha: ushindi kwanza, mlango baadaye. Mpangilio haudanganyi. Dada mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo."

Ni kweli. Nilimfundisha mwenyewe, na bodi ya Bibi mapajani. Na nilimfundisha pia kwamba Bibi akitoa ushindi mkubwa, sarafu lazima zimwishie, na mlango lazima ufunguliwe. Lazima. Hakuna fundi duniani asiyelijua hilo, na bado mdogo wangu aliponiapia kwamba hakuugusa, sikulifikiria. Ndilo jambo la kwanza ambalo ningemwuliza mtu mwingine yeyote aliyeniambia aliona mlango wazi.

Nikamgeukia mama.

"Mama. Ulipomwona. Kengele?"

Mama aliweka mkono mdomoni.

"Ilikuwa inalia," akasema kupitia vidole. "Si ndiyo iliyonitoa stoo kuchungulia?"

Kijiti akaanza kucheka. Hakucheka kwa sauti, mabega tu.

Mpelelezi alikuwa ameshalifunga daftari lake. Akalifungua tena, akaisoma ile karatasi iliyosainiwa, akanitazama mkono.

"Fundi," akasema, "hebu nirudie tena ile habari ya betri. Haikugusa vizuri, au kuna mtu aliiachia?"

Mama akanishika kiganja, kucha zikaniingia. Mdogo wangu alitutazama mmoja mmoja, bado ana lile tabasamu lake, haelewi.

"Iachiwe na nani tena?" akasema. "Dada, mbona umesimama? Geuza ufunguo, waone, nirudi nyumbani."